Kola Sabini kwa Siku Tatu

Pale kwenye benchi la kola walimwita Mzazi. Jina hilo alilipata asubuhi ya kwanza aliyorudi kazini baada ya kujifungua, na mpaka binti yake anafikisha miezi saba hakuna aliyekumbuka kwamba zamani alikuwa na jina jingine. Benchi lilikuwa na washonaji saba na kazi moja: kola za mashati ya shule. Kitambaa kinakuja kimekatwa, unakilaza juu ya kitambaa kigumu cha ndani, unashona kuzunguka, unapunguza ncha, unageuza, unapiga pasi, unapitisha mshono wa juu, unatupa kapuni. Kazi yote iko kwenye ncha. Ncha moja ikilala na nyingine ikisimama, mtoto wa watu atakwenda shule mwaka mzima na shati linalomcheka.

Mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, Mzazi alizima cherehani yake, akachukua mfuko wenye chupa na barafu, akaenda kujifungia stoo ya vifungo. Humo mlikuwa na maboksi mpaka darini, kiti kimoja kifupi, na dirisha dogo lisilofunguka. Alikaa nusu saa akikamua maziwa ya mtoto, macho yakiwa kwenye ukuta, bila kuwaza chochote cha maana. Kisha alinawa, akarudi kwenye kiti chake. Jioni alibeba chupa mbili nyumbani, na kesho yake mama mkwe, aliyekuwa akishinda na mjukuu, alimnywesha.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa namba tu. Alimwita Mzazi pembeni Ijumaa moja, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wakubwa wameuliza kiti kinachokaa kitupu saa nzima kila siku ni cha nani. Yeye amewajibu awezavyo. Sasa anampa wiki mbili.

"Nionyeshe sabini siku tatu mfululizo," alisema. "Tatu tu. Ukinionyesha, nenda zako stoo mpaka mtoto aote meno yote, hakuna atakayekugusa. Usiponionyesha, utakaa kitini kama wenzako, na mtoto mtamtafutia maziwa ya kopo. Sisemi kwa ubaya, Mzazi."

Mzazi alisema sawa, bosi. Moyoni alikuwa amekwisha piga hesabu zake. Kwa kawaida alifikisha kola sitini na tano kwa siku, mara chache sabini. Asipokwenda stoo anapata saa nzima zaidi, na saa nzima ni kola kumi, labda kumi na mbili. Basi ajinyime kwa siku tatu, avune sabini zake, kisha aruhusiwe kwenda stoo kwa raha zake. Hesabu ilikuwa nyepesi hivyo. Alijiona mjanja.

Jumatatu hakuinuka. Saa nne ilipita, saa tisa ikapita, kifua kikawa kigumu kama ubao, akashona. Chakula cha mchana alikila kwa mkono mmoja. Bi Pini, mama wa makamo aliyekaa kushoto kwake, aliyeitwa hivyo kwa kuwa kutwa nzima alibana pini midomoni na kuongea kupitia pembeni, alimtazama mara mbili tatu akamwuliza kama amefukuzwa stoo. Mzazi akasema hapana, ana haraka kidogo. Aliona kabisa kola zinavyoruka kutoka mikononi mwake. Aliona anapaa.

Kesho yake asubuhi akaenda mbio kwenye ubao. Hamsini na nane.

Akadhani amesoma mstari wa mtu mwingine. Akafuata kwa kidole. Kapu namba nne, lake, hamsini na nane.

Hapo inafaa kueleza ubao ule ulivyokuwa. Jioni, mkaguzi alikusanya makapu yote saba, akakaa chini ya taa yake na miwani yake, akapima kola moja moja. Iliyo nzuri aliihesabu kwenye kapu ilikotoka na kuandika ubaoni. Iliyopinda aliitupa kwenye beseni kubwa la plastiki, na beseni hilo lilikuwa la wote. Zamani, kabla Mzazi hajaajiriwa, kola mbovu zilirudishwa kwa mwenyewe mbele ya macho ya watu, na wanawake walikuwa wakilia kama wamefiwa. Siku moja benchi zima likakubaliana, na mkaguzi akaafiki: mbovu ni zetu sote, hatuulizani ya nani. Kila asubuhi, nusu saa ya kwanza, walilizunguka beseni kama wanaopeta mchele, wembe mkononi, wakifumua na kupiga soga. Hakuna aliyejua alichofumua kimetoka kwa nani. Ilikuwa desturi ya huruma, na Mzazi aliipenda sana. Ila hakuwahi kufikiri kwamba yeye mwenyewe analichangia beseni lile. Mtu anayepaa anapindisha kola vipi?

Jumanne kifua kilimshinda. Kufika saa nne, blauzi ilikuwa imelowa mpaka kiunoni na machozi yanamlengalenga kwa maumivu, akainuka akaenda stoo, na saa tisa akaenda tena, akijua wazi kwamba siku hiyo ameipoteza. Jumatano ubao ukaandika sabini na tatu.

Alisimama pale hata wenzake wakamsukuma. Akajiambia ni bahati tu, na siku hiyohiyo akakaa kitini kutwa. Hamsini na tano. Alhamisi akaenda stoo. Sabini na moja. Ijumaa akajifunga kiti kwa kanga, utani wa kujikumbusha asiinuke, na mkaguzi akaandika hamsini na saba.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yanamchanganya. Siku asizokwenda stoo hakurudi na chupa, na zile siku alizokwenda chupa hazikujaa kama zamani. Mama mkwe hakulalamika. Alisema tu, akimpa mtoto, kwamba leo mjukuu wake amemnyonya kidole mpaka kikakunjamana, na akauliza kama anunue kopo, maana hataki kufanya jambo bila idhini ya mwenye mtoto. Mzazi akamwomba asubiri, mama, wiki moja tu. Mtoto alilishika titi kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango.

Jumapili alimweleza mumewe, aliyekuwa fundi bomba. Walikuwa wanaanika nguo, yeye akipitisha, mume akibana. Alimweleza namba zote kwa mpangilio. Fundi bomba akasikiliza, akabana soksi tatu, kisha akauliza siku ambazo kola zinaongezeka ni zipi.

"Zile ninazokwenda stoo."

"Ukienda stoo, kapu lako linabaki na nani?"

Mzazi akabaki na shati mkononi. Kapu lake lilibaki na Bi Pini. Na sasa alipokumbuka, Bi Pini, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kushuka chini ya themanini, wiki ile aliandikiwa sitini na kitu. Ikamjia yote kwa pamoja, kama pazia lililovutwa. Yule mama anamhurumia. Yeye akiinuka tu, Bi Pini anachota kola zake mwenyewe na kuzitia kapu namba nne. Hakuna maelezo mengine. Akaona aibu mpaka masikio yakamchoma, kisha akaona uchungu, maana msimamizi akigundua, Bi Pini naye ataponea wapi?

"Usimwambie huyo Bi Pini kitu kwanza," mumewe alishauri. "Mshike na ushahidi. Mimi bomba zangu zote nazitia alama, la sivyo mafundi wenzangu wangekwisha niibia zote. Tia alama kola zako, kisha uende stoo kama mtego."

Chaki isingefaa, kwa kuwa pasi ingeifuta. Mzazi akachagua uzi mwekundu: mshono mmoja tu wa mkono, kwenye ukingo wa ndani, pale ambapo kola ikishaunganishwa na shati hapaonekani tena. Jumatatu ya wiki ya pili akaanza. Kila kola iliyotoka kwake ilibeba tone lake jekundu. Saa nne akainuka kwa makusudi, akaaga kwa sauti kubwa kuliko kawaida ili mwizi wa kinyumenyume apate nafasi, na saa tisa akafanya hivyohivyo. Kule stoo alikaa akisikiliza kama mtu aliyetega panya, lakini baada ya dakika kumi alijikuta hasikilizi chochote, anatazama ukuta tu kama zamani.

Jumanne ubao ukasema sabini na nne. Wenzake walipoenda kwenye beseni, yeye alikimbilia meza ya mkaguzi, akaomba azione kola za kapu lake kabla hazijapelekwa kwa waunganishaji. Mkaguzi alimtazama juu ya miwani, akamsogezea furushi. Mzazi akazifunua moja moja. Nyekundu. Nyekundu. Alitafuta isiyo na alama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Sabini na nne, na zote zilikuwa zake.

Alirudi kwenye benchi. Bi Pini alikuwa amekwisha kaa, anajifunga kitambaa kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, na bila kupanga Mzazi akajikuta anaropoka. Alimwuliza, taratibu, kama kuna siku amewahi kugusa kapu lake.

Bi Pini alizitoa pini midomoni, zote, akaziweka mezani. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kuonekana.

"Unaniita mwizi, mwanangu?"

Mzazi akasema siyo mwizi, Bi Pini, kinyume chake, alidhani anamwongezea. Yule mama akamkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Nikuongezee kola zangu? Mkono wenyewe huu, tangu wiki iliyopita ukigeuza ncha unaniuma mpaka begani. Ningekuwa na kola za kugawa ningejigawia mimi." Akashusha sauti. "Usimwambie mtu habari za mkono."

Kwa hiyo haikuwa Bi Pini. Basi ilikuwa nini? Mzazi alikaa na swali hilo kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua amshikie. Alitaka kulijaribu tena kwa upande mwingine, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo lingemgharimu: siku hiyo ya Jumanne, badala ya kuilinda ile sabini na nne yake, hakwenda stoo. Alijiambia kwamba wiki iliyopita huenda uzi ulikuwa mbaya, au sindano butu, au kitambaa. Alibadilisha sindano. Akashona kutwa nzima bila kuinuka, akitia nyekundu yake kila kola, na jioni aliona kabisa kwamba hajawahi kushona vizuri namna ile.

Jumatano, kapu namba nne, hamsini na sita.

Akaenda kwenye beseni na wenzake, akachukua wembe, akakaa. Lilikuwa limejaa. Mwanamke wa cherehani ya pili alikuwa anasimulia ugomvi wa jirani zake juu ya kuku, na wote wanacheka, mpaka Bi Pini akainua kola moja kwenye mwanga.

"Huyu nani ametia urembo?"

Mwingine akasema hata yake inayo. Na ya tatu. Walizitoa zikiwa na vile vitone vyekundu, wakazipanga kwenye ukingo wa beseni, wakidhani ni mtindo mpya wa wakubwa. Mzazi alizihesabu kimya. Ishirini na mbili. Zote zilikuwa na ugonjwa mmoja: ncha ya kulia imelala vizuri, ya kushoto imenyanyuka kama sikio la mbuzi. Aliichukua moja, akaigeuza, akaipapasa. Mikono iliyoshona hii ndiyo mikono yake. Macho ni yaleyale. Jana aliiona imenyooka.

Wenzake walipoona uso wake walielewa kabla hajasema, wakanyamaza, maana ilikuwa mara ya kwanza beseni lile kumtaja mtu. Mwanamke wa cherehani ya pili akaendelea na habari za kuku kwa haraka, kama anayefunika chungu. Bi Pini akavuta zile ishirini na mbili zote mapajani kwake, na kwa mkono wake mbovu akaanza kuzifumua.

Hapo Mzazi alipiga hesabu nyingine, na hii haikuwa nyepesi. Hamsini na sita na ishirini na mbili ni sabini na nane. Jana, kutwa nzima bila kuinuka, ametia kapuni sabini na nane. Juzi, siku ya mtego, zimepita sabini na nne na alikaa saa nzima stoo. Yaani ile saa aliyoiokoa ilikuwa imempa karibu kola zilezile, tena mbovu. Ilikwenda wapi? Hakuilalia, hakuiongelea. Aliikalia palepale kitini, ikapotea chini yake.

Na leo ni Jumatano. Zilibaki siku tatu, na siku tatu mfululizo ndizo alizotakiwa kuonyesha. Ilimbidi kufanya jambo ambalo akili yake ililikataa: kuinuka na kuacha kazi wakati kazi ndiyo anayoitaka.

Saa nne Jumatano aliinuka. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, akatazama saa yake ya mkononi. Mzazi akapita. Kule stoo maziwa yalikataa kutoka kwa dakika tano za mwanzo, kwa woga, kisha yakatoka. Sabini na tano. Alhamisi akaenda tena mara mbili, na mara zote mbili alijiona mjinga mbele ya kapu lililokuwa nusu. Sabini na mbili. Mama mkwe alipokea chupa mbili zilizojaa, akaziinua kwenye taa ya jikoni kama mkaguzi, hakusema habari za kopo.

Ijumaa mambo yaliharibika. Umeme ulikatika asubuhi kwa karibu saa moja, na uliporudi kila mtu alikuwa anashona kama anayefukuzwa. Ilipofika saa tisa, Mzazi alichungulia kapu lake akahesabu kwa macho: hamsini na nane, labda sitini. Ilibaki saa moja na nusu mpaka kengele. Akienda stoo itabaki saa moja. Kila kitu anachokijua tangu utotoni kuhusu kazi kilimwambia abaki. Mguu wake haukutoka kwenye pedali.

Akashona kola moja. Akaigeuza, akaipiga pasi, ikamridhisha. Akataka kuitupa kapuni, kisha akasita, akampa Bi Pini.

"Ncha zimekaaje?"

Bi Pini aliitazama, akaigeuza, akamtazama yeye. "Ya kushoto imekusimamia," alisema kupitia pembeni mwa pini.

Mzazi aliitazama tena. Kwake ilikuwa imenyooka. Akazima cherehani, akachukua mfuko wake, akaenda, na nyuma yake alisikia msimamizi akimwuliza mtu kama yule mama anajua leo ni siku gani.

Siku za Ijumaa mkaguzi alihesabu mapema, wakati wengine wanafagia. Benchi zima likakawia na mafagio sehemu moja. Alipofika kapu namba nne alienda polepole, na moja akaiinua kwenye taa mara mbili, akaigeuza, akaiweka upande wa nzuri. Akaandika sabini na moja.

Msimamizi akausogelea ubao. Alisoma Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, kisha akapanda na kidole chake siku zilizotangulia, akashuka tena. Alikuwa mtu wa neno lake. Alisema stoo ni yako, Mzazi, mpaka meno yote. Lakini hakuondoka. Akamwuliza amefanyaje, maana siku ambazo kiti kimejaa namba zimekaa chini na siku ambazo kiti ni kitupu namba zimepanda, na yeye Jumatatu wakubwa wakimwuliza atawaambia nini.

Mzazi alitamani sana kumjibu vizuri. Alifikiri juu ya mikono yake, juu ya ncha ya kushoto, juu ya ile saa iliyopotea chini yake, na juu ya ule ukuta wa stoo usio na kitu.

"Sijui, bosi," alisema. "Najua tu kwamba nikichoka sioni kwamba nimechoka. Naona napaa."

Msimamizi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa njia kwa lugha anayoijua nusu, akaenda kuzima taa za upande wa pili.

Walipokuwa wanajifunga mitandio mlangoni, Bi Pini akamvuta pembeni. Mkono wa kulia aliushika kwa wa kushoto. Hakuwa na pini hata moja midomoni, na sauti yake bila pini ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine kabisa. Akasema amekuwa akiwaza. Wewe una mtoto, una sababu ya kwenda kukaa pale. Wanangu mimi wamekwisha kuwa na watoto wao. Nikiinuka saa nne, nitasema nakwenda kufanya nini?

Mzazi alitazama ule mkono, na jinsi vidole vilivyojikunja vyenyewe hata pasipo kola.

"Jumatatu twende wote," alisema. "Sema unanishikia chupa."